Kwa nini fununu moja hufunga maduka yote ya Birere na nyingine hupita tu?

Mwenye butiki, Birere (Goma)
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kuelewa jambo hili. Kuna asubuhi ambapo mtu mmoja anashusha mlango wa chuma wa butiki yake, jirani anamwona naye anashusha wake, na kabla ya saa nne barabara nzima imefungwa bila mtu kujua habari ilitoka wapi. Siku nyingine habari hiyo hiyo inapita, na hata mama wauza nyanya hawainui mabeseni yao. Je, tofauti iko kwa anayeanzisha?

Mwanafunzi wa Himbi
Iko kwake kidogo sana, papa. Mwaka 1978 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba kila mtu ana kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaotaka kuwaona wakitenda kabla hajatenda yeye. Chukua watu 100: wa kwanza yuko tayari kuanza peke yake, wa pili anangoja mmoja, wa tatu wawili, hadi wa mwisho anayengoja 99. Wote watafunga. Sasa mwondoe yule anayengoja mmoja, umweke anayengoja wawili: wa kwanza atafunga peke yake na mambo yataishia hapo, ingawa 99 kati ya watu hao ni wale wale.

Mama mwalimu, Katindo
Hesabu ni nzuri, mwanangu, lakini inachukulia kwamba kila mtu anamhesabu kila mtu. Kule Kashasha, karibu na Bukoba, kicheko kisichozuilika kiliwashika wasichana watatu wa shule ya bweni tarehe 30 Januari 1962. Kati ya wanafunzi 159 kiliwapata 95, na waganga hawakukuta sumu wala kijidudu. Shule ilipofungwa mwezi Machi na wasichana kurudishwa makwao, kiliibuka kijijini Nshamba, kikawashika watu 217, wengi wao vijana. Walimu walikuwa wakiyaona yote hayo kila siku, wala hakikumpata hata mmoja. Tunawafuata tunaowaona kuwa wenzetu.

Dereva wa moto (pikipiki), Majengo
Samahani, wakubwa, hofu yetu si kicheko. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu. Mlima ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame, sidhani kama walioiona ile ya kwanza walihesabu majirani kabla ya kushika njia ya Sake. Kizingiti hushuka kwa yale mtu aliyokwisha kuyapitia.

Mwenye butiki, Birere
Nawashukuru. Basi kwetu anayengoja mmoja nadhani ni mbadilishaji fedha wa pembeni, maana mtaji wake wote uko mezani. Akiziingiza noti mfukoni, hakuna tena anayeuliza habari.