Ukoo wa Mzee Selemani (Mikindani)

Shangazi Somoe: Asalaam alaykum jamani. Kaka kashapata kitanda Muhimbili, Taasisi ya Moyo. Kesho asubuhi wanamzibua mshipa kwa puto, wanapitishia mkononi.

Ba'mdogo Hamisi: Waalaykum salaam. Puto la plastiki? Moyoni? Nnauliza, la chuma hakuna? Korosho tumeshauza huku Tandahimba, tulipie lililo gumu kabisa.

Rehema: Shikamoo ba'mdogo, shikamoo shangazi. La chuma halipo. Chuma ni stenti, ile nyavu inayoachwa ndani. Puto lenyewe mara nyingi ni naileni. Linaingia limekunjwa, likifika palipobana linajazwa, tena si upepo: maji ya chumvi na dawa inayoonekana kwenye eksirei. Likipasuka na upepo ni balaa.

Shangazi Somoe: Marahaba. Yarabi salama, linapasuka?

Rehema: Ni nadra.

Ba'mdogo Hamisi: Marahaba mwanangu. Basi gumu si ndiyo bora?

Rehema: Si kila mahali. Laini linapinda, linapenya kwenye kona na tundu dogo. Shida yake, ukizidisha presha linazidi kunenepa, na linanenepa kule lisikobanwa. Kama mafuta yaliyoziba mshipa yameshashika chokaa, katikati linakabwa, ncha mbili zinafura, na ukuta wa jirani usio na ugonjwa unaweza kuchanika kwa ndani.
Lile gumu, la plastiki ya PET au naileni nene, halizidi sana kipimo chake hata kwa presha ya atmosfia 20. Tairi la gari dogo lina kama 2 tu! Ndilo linalovunja chokaa, na ndilo linaloibana stenti ikae sawasawa ukutani. Ila ni kakamavu, kulipitisha kona ni kazi, na likishatumika halikunjiki vizuri tena.

Dula: Baba mkubwa alivyo mbishi, laini halimuwezi 😂

Shangazi Somoe: Dula! Adabu.

Rehema: 😂 Mgonjwa mmoja anaweza kupata yote mawili. Laini linafungua njia, stenti inawekwa, gumu linamalizia. Kwa hiyo ba'mdogo, huwezi kulipia gumu peke yake. Daktari anachagua akishaona picha.

Dula: Nani alianza mambo haya?

Rehema: Andreas Grüntzig, Mjerumani. Alitengeneza maputo jikoni kwake Zürich, kwa PVC, jamii ya plastiki ya mabomba ya maji. Tarehe 16 Septemba 1977 akamzibua mtu mshipa wa moyo, mgonjwa yuko macho. PVC ile haikustahimili presha kubwa, penye chokaa ngumu ilishindwa.

Ba'mdogo Hamisi: 1977, mwaka wa CCM! Na huo mshipa haurudi kuziba?

Rehema: Kwa puto peke yake ulikuwa unarudi sana, ndiyo maana ya stenti. Siku hizi kuna hata puto lililopakwa dawa. Ila mimi wasiwasi wangu hauko kwenye puto, uko kwa baba kuacha vidonge vya kuzuia damu kuganda akishajiona mzima. Stenti ikiwa mpya, damu ikaganda humo, ni hatari ya kufa.

Ba'mdogo Hamisi: Basi hela ya puto naigeuza ya vidonge. Andika majina, kwa herufi kubwa.

Rehema: ASPIRINI. KLOPIDOGRELI. Asiache hata kimoja mpaka daktari wa moyo aseme.

Shangazi Somoe: Mimi ndiye nitakayemhesabia. Hamisi, tuma kwa Rehema, laini yangu imegoma.