Mbwa wa jirani kamng'ata mwanangu njiani, mwenyewe anasema geti lake lina kibao. Sheria inasemaje?

MamaWaNzuguni

Habari za humu wakuu. Naombeni mawazo yenu, hasa wenye uelewa wa sheria na nyie mnaofuga mbwa.

Nakaa Nzuguni, hapa Dodoma, upande wa viwanja vipya, kule ambako nyumba mbili zimehamiwa, ya tatu ipo kwenye lenta na katikati ni vichaka. Jirani yangu alihamia akiwa na mbwa wawili wakubwa, wale weusi wenye kahawia mashavuni. Mchana wanashinda bandani, hawana shida. Shida ni alfajiri. Mlinzi anafungua geti wakajisaidie nje, halafu anarudi zake ndani kuwasha jiko. Mbwa wanabaki barabarani peke yao, na barabara hiyo ndiyo watoto wanayopita kwenda kupanda daladala za shule.

Mwanangu yuko darasa la tatu. Alhamisi mbwa mmoja alimrukia akamng'ata nyuma ya mguu, sare ikachanika, damu hadi kwenye soksi. Aliyemwokoa ni kijana wa bodaboda, aliingiza pikipiki katikati huku akipiga honi mpaka mbwa akaachia. Nilimwosha mtoto kidonda kwa maji na sabuni tukakimbia hospitali, na sindano za kichaa cha mbwa ameshaanza. Gharama zote nimelipa mimi.

Nilienda kwa jirani. Nisimsingizie, alinipokea vizuri. Lakini akasema mtoto lazima alimchokoza mbwa, maana alionekana akikimbia. Akasema mbwa wana chanjo ila kadi ilibaki Dar alikotoka. Kisha akasema lile lililoniuma: "Mama, geti langu lina kibao kikubwa, MBWA MKALI. Kila mtu anakiona." Basi, kwake yeye kibao kimemaliza kesi.

Sipendi ugomvi. Maji yakikatika sisi tunachota kwenye kisima chake, na mke wake tupo naye kwenye kikoba kimoja. Ila mwanangu sasa hatoki nje bila kushikwa mkono, na watoto wa wenzangu bado wanapita pale pale kila siku. Kile kibao kinamlinda kweli? Nianzie wapi, polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa? Vijana wa hapa wanataka kuwatilia sumu hao mbwa, nimewaomba wasubiri kwanza.

BwanaMifugo_Kongwa

Pole sana mama, mpe pole na mtoto. Sheria wataisema wenye fani yao, mimi nianze na uhai.

Umefanya la maana kuosha kidonda kwa sabuni. Wengine wakisoma hapa wajue: ni maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, usipake majivu, wala pilipili, wala mafuta ya taa. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na dalili zikishatokea kwa binadamu, kupona ni karibu haiwezekani. Ndiyo maana sindano hazingoji dalili. Tarehe alizoandikiwa mtoto zifuate zote hata kidonda kikikauka, na usiache kwa maneno ya jirani kwamba mbwa wana chanjo wakati kadi hujaiona.

La pili, hao vijana wazuie kabisa. Mbwa aliyeng'ata anatakiwa afungiwe na kuangaliwa siku 10 tangu siku aliyong'ata. Akizimaliza akiwa mzima, anakula na kunywa kawaida, ujue siku ile hakuwa na virusi mateni. Mkimtilia sumu mnaupoteza ushahidi huo na mnabaki na wasiwasi. Na ikitokea kauawa kwa sababu yoyote, asipigwe kichwani, kwani maabara hupima ubongo.

Nenda kwa afisa mifugo wa kata yako leo, usingoje wiki ijayo. Yeye ndiye wa kumwambia jirani amfungie mbwa na aonyeshe chanjo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003 ipo kwa ajili ya mambo kama haya. Kadi ikiwa imepotea, mbwa achanjwe upya baada ya zile siku kumi, hakuna hasara yoyote. Wakati wa kuangaliwa, dalili za kutisha ni hizi: mbwa anabadilika tabia ghafla, sauti inakauka, mate yanachuruzika, taya linalegea, anang'ata vijiti na mawe.

Kijana_Chang'ombe

Mimi nasema serikali ipige marufuku haya majibwa ya kizungu. Mbwa wetu wa kienyeji anabweka tu, ukiinama kuokota jiwe anakimbia. Haya mengine ni silaha. Mtu anahamia mtaani na silaha, sisi tunaambiwa tusome kibao.

Wakili_Makole

Mama, pole. Nitajibu kwa kirefu kidogo kwa sababu swali lako la kibao ndilo lenyewe.

Kuna njia mbili na zinaweza kwenda pamoja. Ya kwanza ni jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe unaoweza kumdhuru mwingine ameacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari itokanayo na mnyama aliye naye. Soma tena hapo. Haisemi mnyama wa porini. Kumfungulia mbwa mkali geti alfajiri na kurudi jikoni ni kuacha tahadhari.

Ya pili ni madai ya fidia. Sisi tulipokea kanuni za sheria za Kiingereza zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920, na Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, bado inazitambua. Kati ya hizo imo kanuni iliyowekwa mwaka 1846 katika kesi ya May dhidi ya Burdett. Mama mmoja aling'atwa na kima aliyefugwa na mtu, na mahakama ikasema hivi: anayefuga mnyama huku akijua ni hatari, madhara ni juu yake, hata kama hakuna uzembe mwingine uliothibitishwa. Kwa mnyama wa nyumbani kama mbwa, mdai anapaswa kuonyesha kwamba mwenye mbwa alijua ukali wa mbwa wake. Hapo ndipo wengi hukwama, maana mwenye mbwa huapa kwamba hajawahi kumwona aking'ata mtu.

Jirani yako hawezi kuapa hivyo. Amejiandikia mwenyewe getini, kwa herufi kubwa, kwamba mbwa wake ni mkali. Kibao kinaweza kumsaidia dhidi ya mtu aliyeingia ndani bila ruhusa, kwa sababu aliyeingia alionywa. Mtoto wako hakuingia popote. Alikuwa barabarani, na barabara si ya jirani. Kwa hiyo kibao anachokitegemea ndicho ushahidi wako wa kwanza. Kipige picha leo, na geti lionekane.

Habari ya uchokozi: mtoto kukimbia kwa woga si kumchokoza mbwa. Na asimsukumie mlinzi lawama, mwajiri anawajibika kwa makosa ya mtumishi wake akiwa kazini.

Sare hiyo usiifue. Tunza risiti za hospitali na nauli, picha za kidonda, namba ya yule kijana wa bodaboda. Chukua PF3 polisi, ile fomu ya mtu aliyejeruhiwa, daktari aijaze. Madai ya namna hii yanakwenda Mahakama ya Wilaya, na muda wa kufungua ni miaka 3, kwa hiyo una nafasi ya kuzungumza kwanza.

Ndugu wa Chang'ombe, nakuelewa. Uingereza walifanya hivyo mwaka 1991, wakapiga marufuku aina nne ikiwemo pit bull. Ikaja aina nyingine kubwa, XL Bully, wakalazimika kuiongeza kwenye orodha mwaka 2023, na tangu tarehe 1 Februari 2024 kuwa naye bila kibali maalumu ni kosa huko England na Wales. Ukifukuzana na aina, watu wanazalisha nyingine. Mimi ningependa sheria imbane anayefungua geti.

Mfugaji_AreaD

Naomba na mimi nisikike, maana nafuga mbwa wanne na sitaki tuonekane wote watu wabaya. Mtaani kwetu kabla ya mbwa waliiba mpaka mabati ya banda la kuku. Huyo jirani pengine ana sababu zake, nyumba iko peke yake vichakani.

Lakini mama, hapo amekosea na nitamwambia hivyo hata mbele yake. Mbwa wa ulinzi kazi yake ni ndani ya uzio. Akitoka anatoka na mnyororo, mdomo umefungwa kizuizi, na anayemshika ana nguvu ya kumzuia. Kujisaidia anajisaidia kwenye kona ya kiwanja, mlinzi anazoa. Tena mbwa aliyefungiwa kutwa nzima bandani ukimfungulia ghafla gizani anakuwa na fujo zaidi, hajazoea watu. Na sumu msifanye. Mbali na lile alilosema bwana mifugo, kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008, kesi itawageukia nyie.

Mzee_Miyuji

Binti yangu, nimekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa miaka mingi. Usiende polisi peke yako kimya kimya. Chukua PF3 kama ulivyoambiwa, kisha siku hiyo hiyo mpelekee mwenyekiti wa mtaa malalamiko kwa maandishi, nakala kwa mtendaji. Aitwe jirani, aitwe na afisa mifugo, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa: gharama za hospitali, mbwa kufungiwa, geti kutofunguliwa kabla watoto hawajapita. Maneno ya mdomo huwa yanasahaulika. Muulize mtendaji pia sheria ndogo za Halmashauri ya Jiji zinasemaje kuhusu mbwa kuzurura. Zinatungwa na baraza la madiwani na wewe una haki ya kuzisoma. Akikataa kuja, kule kukataa kwake kuandikwe.

MamaWaNzuguni

Mungu awabariki. Kibao nimeshakipiga picha. Afisa mifugo amesema atafika jioni. Swali moja kwa wakili: nikisaini makubaliano mtaani akanilipa hela ya sindano, nitakuwa nimejifungia mlango wa mahakama kama kidonda kikileta shida baadaye?

Wakili_Makole

Inategemea mtakavyoandika. Ukisaini kwamba umelipwa na huna madai mengine yoyote, atakuonyesha karatasi hiyo mahakamani. Andika kwamba fedha hizo ni za matibabu mpaka tarehe ya makubaliano, na kwamba matibabu yatakayofuata ya jeraha hilo yatalipwa kwa risiti. Sharti la geti liwe kwenye aya yake peke yake. Kabla hujasaini nitumie picha ya karatasi faragha, nitaisoma bure.