Koki imekatikia ukutani: mkia wa tupa, msumeno au bisibisi ya moto?

Mgeni wa Tabata
Wakuu, koki ya shaba ya nusu inchi imekatika asubuhi nikiifungua niibadilishe. Shingo yenye nyuzi imebaki ndani ya elbo (kona ya bomba), imezama ukutani, praizi haina pa kushika. Bomba ni PPR, lile la plastiki la kijani, na elbo ina nyuzi za shaba. Fundi wa mtaani anataka kuvunja vigae. Nina msumeno wa chuma, tupa kuukuu, nyundo, bisibisi na spana malaya. Nianze na kipi?

Fundi Kimya
Vigae viache. Funga maji kwenye mita, chukua mkia wa tupa, ule mchongoko unaoingia kwenye mpini. Ugongee ndani ya tundu mpaka ung'ate, kisha uzungushe kwa spana malaya kinyume cha saa. Kazi imeisha.

Binti Mzizima
Imeisha, au elbo imeisha? Mkuu, huo mkia ni kabari. Kila ukigonga unatanua shingo, nayo inazidi kubana nyuzi za elbo. Mimi nilipasua elbo ya PPR hivyohivyo, na vigae vikavunjwa vilevile.

Tumia msumeno. Toa bledi kwenye fremu, zungushia kitambaa pa kushika, meno yakuelekee ili ikate ukivuta. Kata mfereji kutoka ndani ya shingo kwenda nje, polepole. Zikianza kuonekana ncha za nyuzi za elbo, acha hapo hapo. Kata wa pili pembeni, upana wa ncha ya bisibisi, halafu gonga kipande cha katikati kiangukie ndani ya tundu. Shingo ikishapoteza duara, inajikunja yenyewe.

Kisauni Juu
Bisibisi ya moto ni ya koki za plastiki, kaka. Unaipasha, unaichomeka, unangoja plastiki iishike ikipoa, unazungusha. Kwa shaba unajichosha bure. Na tochi ya gesi usiisogeze hapo: mashine ya kuunganishia PPR huwekwa nyuzijoto 260 tu, elbo itayeyuka ukiitazama.

Maji yenu ni ya kisima? Huku kwetu maji ya chumvi hunyonya zinki kwenye koki, ikabaki shaba nyekundu inayomeguka kama biskuti.

Mgeni wa Tabata
Kisima, ndiyo. Pale ilipokatikia ni pekundu kabisa.

Fundi Kimya
Basi kwa PPR nakubali, dada yuko sahihi. Bomba la chuma la zamani ndilo bado nalitolea kwa tupa, elbo yake inavumilia nyundo. Hiyo shaba iliyooza ingemeguka tu mdomoni mwa tupa.

Mgeni wa Tabata
Mrejesho: mifereji miwili, kama dakika 40, vidole vimechubuka. Kipande kilianguka, kilichobaki nikakitoa kwa bisibisi bila nguvu. Nilikwaruza uzi mmoja wa elbo, nikaongeza tepu nyeupe kwenye koki mpya. Haivuji. Ila maji yanatoka kidogo kuliko zamani.

Binti Mzizima
Uliacha maji yasukume chenga za shaba nje kabla ya kufunga koki?

Mgeni wa Tabata
…Ngoja nikaifungue tena.