Triumph TR6: mafuta ya breki yanavuja kwenye swichi ya taa, msaada wakuu

Mpwa_Tanga
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nina Triumph TR6 ya 1972, marehemu mjomba alirudi nayo kutoka Uingereza. Mafuta ya breki yanapungua kila wiki. Fundi wa kwanza aliniambia masta silinda, ile pampu kuu ya breki, imekufa. Nikaagiza, akafunga, akala hela yake, mafuta yakaendelea kupungua.

Juzi nimelala chini ya boneti na tochi. Kuna kivalvu cha shaba ya njano, mabomba ya breki yanaingia na kutoka, juu yake kaswichi ka plastiki kenye waya. Nimeizungushia tishu usiku, asubuhi imelowa chapachapa. Rangi ya bodi chini yake imejikunja kama utando wa maziwa. Nibadilishe swichi?

Bush_Stendi
Mkuu, hiyo wape watu wa harusi waipambe maua. Wewe nunua IST.

Kobe_wa_Gereji
Swichi haina kosa, usiinunue.

Ndani ya hiyo valvu kuna kipistoni. Upande mmoja kinasukumwa na presha ya breki za mbele, upande wa pili na za nyuma. Presha zikilingana kinatulia katikati. Bomba la upande mmoja likipasuka, kinasukumwa kuelekea huko, kinabonyeza swichi, taa inawaka kwenye dashibodi. Swichi imekaa katikati, mahali panapotakiwa kuwa pakavu, maana oringi mbili za pistoni, yaani pete za mpira, zinazuia mafuta yasifike hapo. Ukiona swichi imelowa, oringi zimechoka.

Toa swichi KWANZA. Kipini chake kinaingia kwenye mfereji wa pistoni, ukiisukuma pistoni swichi ikiwa ndani, kipini kinakatika. Nati za mabomba zifungue kwa spana ya ringi iliyokatwa mdomo, ya kawaida itazila kona. Kisha fungua nati kubwa ya mwisho, gonga valvu kwenye ubao laini, pistoni itatoka yenyewe.

Dereva_Mstaafu
Vijana mnajitesa. Sisi tulikuwa tunaitupa hiyo, mabomba yote tunayaunga kwenye T moja. Unatembea mpaka Arusha.

Kobe_wa_Gereji
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Hiyo gari ina njia mbili za breki, mbele diski na nyuma ngoma, ili moja ikifa nyingine ibaki. Ukiziunga pamoja, bomba moja likipasuka pedeli inazama mpaka chini na huna kitu. Kama valvu haifai kabisa, za mbele ziungwe zenyewe na za nyuma zenyewe.

Dereva_Mstaafu
Marahaba. Sawa, za mbele zenyewe. Lakini Arusha tulifika.

Mpwa_Tanga
Nimeifungua. Oringi moja imekatika vipande viwili, nyingine ngumu kama kucha. Ukuta wa ndani unang'aa, hauna mashimo. Duka la beringi wamenipa oringi nyeusi za saizi ileile, shilingi mia tano kila moja. Nifunge?

Binti_Spea
Kaka, subiri! Waulize ni mpira gani. Hizo za bei hiyo mara nyingi ni nitraili, za mafuta ya injini. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanazivimbisha, baada ya muda mfupi umerudi palepale. Unataka za mpira wa EPDM, huo unavumilia mafuta ya breki. Wala usizipake grisi wala kuzisafisha kwa petroli, EPDM haipatani na petroli. Zipake mafuta mapya ya breki tu. Na washa ya kopa ya ile nati kubwa weka mpya.

Halafu mafuta yote yamwage, weka mapya. Yananyonya maji kutoka hewani, na hewa ya pwani unaijua. Yakidondokea rangi, mwagia maji mengi hapohapo.

Mpwa_Tanga
Nimepata EPDM, nimefunga, nimetoa upepo kwenye mabomba ya breki kuanzia nyuma, nikamalizia mbele. Pedeli iko juu. Ila nimerudisha swichi, taa inawaka haizimi.

Kobe_wa_Gereji
Ulipokuwa unatoa upepo, pistoni ilihamia upande wa mbele. Toa swichi tena, chungulia tundu lake kwa tochi. Fungua niplo moja ya nyuma, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu, mtu akanyage pedeli taratibu, bila kupampu. Utaona mfereji unasogea. Ukifika katikati mwambie asimame hapohapo, funga niplo, ndipo aachie. Na hilo tundu likibaki kavu wakati anakanyaga, oringi zimekubali.

Mpwa_Tanga
Ilipita katikati mara mbili, mdogo wangu ana mguu mzito. Mara ya tatu ikakaa. Taa imezima. Tishu ya usiku wa jana asubuhi nimeikuta kavu kabisa. Asanteni sana wakuu, na dada yetu wa spea. Sasa natafuta mpiga rangi.

Bush_Stendi
Hongera mkuu. Mdogo wangu anaoa mwezi ujao, unatukodisha bei gani?

Mpwa_Tanga
Ina viti viwili tu. Bwana harusi, bibi harusi, mimi nikae wapi?