Mistari ya DNA inapinda na vipande viwili havitengani

Mwanabaiolojia_Kisauni:
Salaam wakuu. Nimezalisha kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) kipande cha jeni ya COI ya samaki, karibu jozi besi 650, kisha nikakikata kwa kimeng'enya. Natarajia vipande vya 280 na 370. Jeli ya kutenganisha vipande kwa umeme ni agarosi 1%, bafa (mmumunyo unaopitisha umeme na kutuliza pH) ni TAE 1x, volti 150, elektrodi zimeachana sm 20. Etidiamu bromidi, rangi ya kuionyesha DNA, nimeitia ndani ya jeli. Mistari ya katikati imetangulia, ya pembeni imebaki nyuma kama mwezi mchanga, na vipande vyangu vimeungana vikawa ukungu. Maabara haina kiyoyozi. Kosa ni kimeng'enya?

Fundi_Jeli:
Kimeng'enya kiache kwanza. Huko kupinda ni joto. Volti 150 kwa sm 20 ni 7.5 kwa kila sentimita, na kwa kaskazi hii ya Mombasa chumba chenyewe kimeshapata moto kabla hujawasha mashine. Katikati ya jeli hupata joto kuliko kingo, DNA ya hapo ikakimbia zaidi. Shuka hadi volti 80, subiri kama dakika 90. Hesabu umbali wa elektrodi kwa elektrodi, si urefu wa jeli. Wengi hukosea hapo. Bafa ifunike jeli kwa mm 3 hadi 5 tu, maana ikizidi umeme mwingi hupita humo na kuipasha moto bure.

Na 1% ni nyepesi mno kwa vipande hivyo. Pima gramu 2 kwa ml 100 za TAE, si za maji matupu. Pima uzito wa chupa, acha unga ulowe dakika chache usije ukafurika kwenye maikrowevu, chemsha hadi usione chembe hata moja, halafu rudisha uzito uliopotea kwa maji moto yaliyotoneshwa. Mimina ikipoa hadi nyuzi 60. Kitana kinachotengeneza visima vya sampuli kisiguse chini, la sivyo visima vitatoboka na sampuli itavujia chini ya jeli.

Bi_Pipeti:
Naongezea moja ambalo wengi hulisahau: etidiamu ina chaji chanya, hivyo hukimbilia elektrodi hasi, kinyume cha DNA. Mbio zikiwa ndefu, sehemu ya chini ya jeli hubaki bila rangi na kipande cha 280 kitafifia ukidhani hakipo. Kwa dakika 90, heri upake rangi baadaye: mikrogramu 0.5 kwa ml, dakika 30, kisha suuza kwa maji. Glavu ni lazima, hiyo rangi hujipachika kwenye DNA.

Weka pia kisima cha kipande kisichokatwa, ubavuni mwa kilichokatwa. Mstari wa 650 ukibaki pamoja na hiyo miwili, ukataji haukukamilika. Hapo ndipo kimeng'enya kishtakiwe.

Mwanabaiolojia_Kisauni:
Shukrani sana. Bafa ile ile naweza kuirudia?

Fundi_Jeli:
Usiirudie kwa kazi hii. TAE huchoka upesi, pH ikabadilika upande mmoja na mwingine wa tangi.