Tupeane uzoefu: kitabu cha dini kilichokushika sikio

Assalamu alaykum ndugu zangu. Sitaki orodha ya vitabu vya kununua, hizo zimejaa kila mahali. Nataka kile ulichokifungua ukijiona umejaa, ukakifunga umepungua.

Naanza mimi. Ihya ya Imamu Ghazali ina vitabu 40 ndani yake, vimegawanywa robo nne: ibada, mwenendo wa maisha, yanayoangamiza na yanayookoa. Mimi nikarukia robo ya mwisho, kitabu cha 36, mapenzi na shauku kwa Mola. Kitamu! Kila siku naweka nukuu mtandaoni, watu wananiita shekhe, nami siwakatazi. Siku moja mke wangu akawa anapangusa vumbi kabatini, akashika juzuu ya tatu, ile ya yanayoangamiza, akaona karatasi zake bado zimeshikana. Akaniuliza taratibu tu: "Baba Fulani, huku kwenye riyaa ulipita saa ngapi?"

Riyaa, yaani kufanya mema ili watu wakuone. Sikuwa na jibu. Haya, karibuni.

Binti wa Chuoni
Waalaykumu salaam. Kaka, changu ni kijitabu cha watoto, Safinatun Najaa. Nilishapita huko zamani, nikaona nimekua, nasoma vitabu vinene. Maalim mmoja akaniambia nimsomee nguzo za sala kwa sauti. Safina inazihesabu 17, kwa sababu utulivu umewekwa nguzo peke yake mahali pane: kwenye rukuu, itidali (kusimama wima baada ya rukuu), sijda na kikao cha kati ya sijda mbili. Nilipofika "itidali" akanizuia. "Simama, rukuu, inuka." Nikainuka, na mgongo haujanyooka tayari nateremka sijda. Akasema, "Hiyo ya sita umeiona lakini ya saba na ya nane ziko wapi?" Miaka yote nilikuwa nadonoa kama kunguru. Nikalia, wallahi.

Kalamu Kavu
Bidayatul Mujtahid ya Ibn Rushd, kitabu kinachoeleza kwa nini wanazuoni wametofautiana. Mimi na shemeji yangu tulifika mahali pa kutosalimiana vizuri kwa ajili ya udhu. Yeye hupaka maji kichwa kizima, mimi nikigusa nywele chache za mbele naona imetosha. Kila mmoja ana aya mkononi, tena aya ile ile, Al-Maida ya 6!

Siku nimekaa na Ibn Rushd nikakuta ugomvi wetu wote umelala ndani ya herufi moja, ile "bi" ya "biru'usikum" (vichwa vyenu). Kwa Waarabu huweza kuja kutilia nguvu maneno tu, basi ni kichwa chote, na ndivyo alivyoshika Imamu Malik. Huweza pia kuwa na maana ya sehemu, basi sehemu yatosha, na ndivyo alivyoshika Imamu Shafii. Mwandishi mwenyewe ni kadhi wa Kimaliki wa Andalusia, lakini hoja ya Shafii anaieleza kwa ukamilifu, hamkati maneno. Kilichoniuma hapo si hukumu. Nilikuwa sijui hata sababu ya msimamo wangu, naugombania kwa vile nimeukuta nyumbani. Nilimpelekea shemeji kitabu. Hajakirudisha mpaka leo, nadhani naye anatafuta pa kunipata.

Mpenda Tarehe
Changu ni kitabu cha historia cha Tabari. Nilisoma riwaya moja, yaani masimulizi yaliyopokewa, ya kuuawa kwa Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, mwaka 656, nikaanza kuwahutubia watu. Kurasa chache mbele, riwaya nyingine, inakwenda kinyume na ya kwanza. Kumbe mzee ameshatahadharisha kwenye utangulizi: ukikuta humu jambo la kukutia shaka, halikutoka kwangu, limetoka kwa walionipokeza. Yeye anakusanya na kutaja wapokezi, kuchuja ni kazi nyingine. Tangu hapo utangulizi siuruki.

Msomaji Mpya
Mbona mnatutisha? Afadhali mtu asome vibaya kuliko asisome kabisa.

Mwanzisha mada
Soma ndugu yangu, soma. Mtafute na mtu wa kumsomea kwa sauti, kama huyo maalim wa Binti wa Chuoni, maana macho huruka.

Mimi ile juzuu nimeifungua jana. Nilitaka niwatajie nimefika ukurasa wa ngapi, kisha nikakumbuka kitabu chenyewe kinahusu nini.