Mada: Shule inataka tuache Kiswahili nyumbani

Ndugu zangu, salaam.

Mwanangu ana miaka minane, na huku ughaibuni, wanakosoma kwa Kiingereza, tuna miaka miwili na nusu. Akicheza na wenzake, Kiingereza chake humtofautishi na chao. Darasani ndiko anakoachwa: hesabu za mafumbo hazielewi, na sayansi ndiyo kabisa. Juzi tuliitwa shuleni. Mwalimu anasema lugha si tatizo tena, hivyo huenda mtoto ana tatizo la kujifunza. Akatushauri tuongee Kiingereza tupu nyumbani ili asichanganyikiwe. Baba yake ameshaanza, na nyumba imepoa, maana Kiingereza chetu ni cha kutuma na kukataza tu. Mkutano mwingine ni wiki mbili zijazo. Aliyepitia haya naomba anisaidie.

Mama wa watoto wawili

---

Dada, usikubali. Nilifuata ushauri kama huo kwa kifungua mimba wangu. Leo ana miaka kumi na sita, na akiongea na bibi yake kwa simu lazima nikae katikati niwatafsirie. Alama zake shuleni hazikupanda kwa kuacha Kiswahili. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baba wa watatu

---

Dada, pole sana. Nafundisha wanafunzi wageni, na ulichosimulia nakutana nacho mara kwa mara. Yupo mtafiti aliyekichunguza hichohicho: Jim Cummins, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada.

Mwaka 1979 alitenganisha lugha ya maongezi na lugha ya masomo. Kwenye maongezi mtoto anasaidiwa na uso wa mwenzake, kidole kinachoonyesha, mpira wenyewe uliopo mbele yao. Kwenye kitabu cha sayansi hana msaada huo. Ana "linganisha", "eleza sababu", na sentensi ndefu yenye "isipokuwa" katikati. Mwaka 1981 alichambua takwimu za watoto wahamiaji wa Toronto. Maongezi huchukua kama miaka 2. Kuwafikia wenzao wa rika katika lugha ya masomo kulichukua wastani wa miaka 5 hadi 7, maana wenzao nao wanaendelea kujifunza, hawasimami kuwangoja. Mwanao yuko mwaka wa tatu!

Alipitia pia taarifa zaidi ya 400 za watoto waliopelekwa kwa wanasaikolojia. Mara nyingi mtoto alisikika akiongea vizuri, akapimwa kwa Kiingereza, kisha akaandikiwa kwamba uwezo wake ni mdogo. Wapo wataalamu waliompinga, wakisema mpaka kati ya lugha hizo mbili hauko wazi kiasi hicho, na hoja yao naiheshimu. Ila kuhusu muda, ninayoyaona darasani yanakubaliana naye.

Jambo lake jingine ndilo litakalowafaa nyumbani: maarifa huhama kutoka lugha hadi lugha. Mtoto aliyeelewa kwa Kiswahili kwa nini dimbwi hukauka juani hahitaji kuanza upya darasani. Amebakiza kujua neno lake kwa Kiingereza. Basi Kiswahili chenu kisiishie kwenye "njoo" na "lala". Muulizeni, "Ingekuwaje kama barafu ingezama?" Hapo anafikiri kwa -nge-, na sayansi inamtaka afikiri vivyo hivyo. Msomeeni hadithi, naye asimulie. Akisema "kitabu yangu", jibu "kitabu chako kiko wapi?" na maongezi yaendelee. Msimcheke. Nimeona watoto wakichekwa mara moja tu na kuikimbia lugha moja kwa moja.

Mkutanoni omba mkalimani mtu mzima, wala asiwe mtoto mwenyewe. Eleza alianza kusoma lini, kwa lugha gani, na alikuwa akifanyaje. Uliza atapimwa kwa lugha ipi. Lakini dada, jiulize pia kwa ukweli: kwa Kiswahili anasimulia kisa kikaeleweka? Anafuata maagizo matatu kwa mpigo? Kama anakwama kote kuwili, kubali apimwe bila kuchelewa, kwa sababu matatizo ya kujifunza yapo, na hayaletwi na lugha mbili. Kama anakwama kwa Kiingereza tu, dai muda na msaada wa lugha.

Mwalimu

---

Ahsante sana, mwalimu. Jana usiku nilimwomba anieleze kwa Kiswahili jinsi mvua inavyotokea. Alianza baharini akafika mawinguni bila kusita, na baba yake alikuwa anasikiliza. Mdogo wake ana miaka mitatu na anachanganya lugha ndani ya sentensi moja. Nimkataze?

---

Usimkataze. Watoto wengi wa lugha mbili huchanganya, na watu wazima pia. Wewe mjibu kwa Kiswahili kilichokamilika. Na mkirudi kutoka mkutanoni tuandikie walivyosema kuhusu lugha ya kumpimia.